Mjomba Aliponunua Hisa za Mashine ya Moyo

Mama alianza kusimama njiani mwaka ule ule ambao wanunuzi binafsi wa korosho walifika Makote na malori yao. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, lakini kichwani mwangu yamekaa pamoja, na siwezi kulikumbuka moja bila jingine kulifuata.

Kabla ya hapo korosho zetu zilikwenda kwenye ghala la chama cha ushirika, nasi tulirudi nyumbani na karatasi, tukasubiri. Mwaka ule mnunuzi alikuja na mizani yake mwenyewe, akaitundika kwenye boriti ya kibanda cha soko, akalipa papo hapo. Kijiji kilibadilika sura. Nyumba za nyasi zikaezekwa bati, vijana wakaendesha baiskeli mpya ambazo fremu zake zilikuwa bado zimefungwa nailoni, na sisi wanawake tukavaa khanga ambazo miaka michache nyuma tungezipangia foleni. Watu waliozoea kuongea habari za biashara kwa kunong'ona sasa walizitoa barazani kwa sauti, wanacheka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale kijijini, sijaolewa bado, naishi na mama. Baba alifariki ningali mdogo. Pampu ya maji ilipoharibika, na iliharibika mara kwa mara, wanawake wa huku juu tuliteremka bondeni kuchota, kisha tukaupanda mlima na ndoo kichwani. Mama alikuwa na sifa ya kuupanda ule mlima kwa pumzi moja, tena huku anaongea. Ndipo nikaona ameanza kushusha ndoo katikati ya njia na kutengeneza ngata yake. Aliifungua, akaikunja upya, akaiweka kichwani, akaitoa tena. Ngata haikuwa na tatizo lolote. Siku moja nilibaki nyuma naye nikaona mkono wake mwingine umekishika kifua, na jasho limemtoka usoni, na hiyo ilikuwa baridi ya Newala ya mwezi wa sita, ukungu haujainuka.

Nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alimpima, akanieleza kwamba mishipa inayoulisha moyo damu imekuwa myembamba. Alimpa vidonge vya kila siku, na vingine vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Kuhusu kupasuliwa alisema hilo lingemaanisha kupelekwa nje ya nchi, na aliposema hivyo alikuwa tayari anafunika kalamu yake. Mama alimshukuru. Njiani kurudi hakuongea habari za moyo hata kidogo. Aliongea habari za mbaazi, kwamba mwaka huu zitakuwa nyingi.

Habari zilimfikia mjomba Masasi kabla hata sijaamua namna ya kumweleza.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, wa tumbo moja, na hawakuwa na mwingine. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Yeye ndiye aliyenisomesha, yeye ndiye angepokea wachumba wangu, na mama, ingawa alikuwa mkubwa wake, hakuamua jambo zito bila kumwita. Alioa mwanamke wa Kiislamu akasilimu, akahamia Masasi mjini, na kila Jumapili mama alipotoka kanisani alikuta mdogo wake ameshafika kwa lifti ya gari la mizigo, ameketi jikoni anasubiri ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha kama viazi. Alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi walipopunguzwa. Wenzake wengi walirudi shamba wakinung'unika. Yeye alifungua duka la vitambaa na salfa ya kupulizia mikorosho, akawa kama mtu aliyefunguliwa mlango. Aliyapenda mpaka maneno yenyewe ya wakati ule. Mtaji. Soko huria. Mwekezaji. Aliyatamka taratibu, kama anayeonja.

Jumapili moja alikuja na neno jipya, hisa. Alitueleza kwamba yupo daktari, mzaliwa wa Masasi, aliyesoma Uchina na kufanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, ambaye amerudi na mashine ya kutibu moyo bila kisu wala sindano. Daktari huyo alikuwa anatafuta watu wa kumiliki kituo pamoja naye. Kungekuwa na mkutano ukumbini Masasi. Mjomba alikuwa ameshatafuta pikapu ya kutubeba.

Tulikwenda. Ukumbi ulijaa wakulima na wafanyabiashara, wengi wamevaa kama wanakwenda harusini. Mbele palikuwa na kitanda, na pembeni yake kabati la chuma lenye taa. Daktari alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, sauti yake ya chini, si msemaji wa majukwaani. Baada ya maelezo machache aliona watu hawamwelewi, basi akavua viatu, akapanda kitandani mwenyewe. Alijifunga mikanda mipana ya mpira miguuni, kuanzia kwenye vigimbi hadi kiunoni, akabandika nyaya kifuani, akamwambia mwenzake awashe. Jenereta nje ikanguruma. Mikanda ilijaa upepo ikambana, ikaachia, ikambana tena, na daktari akawa anarukaruka pale kitandani huku anaendelea kutufundisha. Alisema moyo unapopumzika, mashine inabana miguu na kusukuma damu irudi juu kuulisha moyo; moyo unapopiga, mashine inaachia ili usichoke. Watu walicheka mpaka wakapangusa machozi, naye alicheka pia, miwani ikamdondoka. Nilimpenda kuanzia hapo. Hata mama alimpenda, nilimwona.

Mgonjwa angelala pale saa moja kila siku kwa wiki kadhaa, alisema, na njia mpya zingefunguka moyoni taratibu. Kwa wengine ingesaidia sana, kwa wengine kidogo. Hakuficha hilo. Kisha mwenzake alisimama kueleza habari za hisa, na hapo maneno yakawa makubwa zaidi. Wagonjwa wangekuja kutoka Newala, Tunduru, Nachingwea, hata ng'ambo ya Ruvuma. Kituo kingejilipa chenyewe. Mjomba aliandika kila kitu, anaitikia kwa kichwa.

Walipouliza kama kuna mwenye swali, mama alisimama. Sikutarajia. Aliwasalimu wazee, akajitambulisha kama dada wa mjomba, akasema yeye anaumwa moyo na angependa kupona. Kisha akauliza, "Mimi nikiugua, hiyo itanitibu. Hiyo ikiugua, nani ataitibu?"

Watu walicheka tena, lakini daktari hakucheka. Alijibu kwamba yupo fundi Dar es Salaam, na vipuri vinatoka Uchina, na ndiyo, kungekuwa na kusubiri. Mama akamshukuru, akaketi.

Ninapaswa kueleza kitu hapa kuhusu mama. Hakuwa mtu wa kuogopa vitu vipya. Alipokuwa msichana, baba yake alipata kibarua upande wa Nachingwea, kule Wazungu walikotaka kulima karanga kwa matrekta, na mama alikumbuka mashine kubwa kuliko nyumba zikivunja msitu, na baadaye akakumbuka mashine zile zile zimesimama, nyasi zinaota kwenye magurudumu, watoto wanazichezea. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika kiwanda cha kubangua korosho. Aliipenda ile kazi. Aliipenda sare, kofia, kengele ya chakula, wanawake mia na zaidi wanaimba. Kiwanda kilizinduliwa kwa ngoma na kikafa bila hata tangazo. Asubuhi moja walikuta geti limefungwa. Nadhani hakuwa na chuki na mashine. Alikuwa amezizika mbili tayari.

Katika pikapu wakati wa kurudi, mjomba alikaa nasi nyuma badala ya kukaa mbele na dereva. Tulipita Chiungutwa jua likiwa linapoa, vumbi limetugeuza wote rangi moja. Ndipo alipotoa alichokuwa nacho moyoni. Alitaka shamba la Mnyambe liuzwe. Lilikuwa shamba la ukoo, mikorosho mikubwa aliyoipanda bibi yetu, na mnunuzi alikuwapo. Kwa fedha ya shamba lile tungepata hisa za kutosha kuhesabiwa miongoni mwa wenye kituo. Lakini haliwezi kuuzwa bila mama kukubali.

Mama alisema hapana. Alisema kwa upole kabisa, kama anayekataa kuongezewa mboga.

Mjomba alianza kueleza faida. Alieleza mpaka tulipoanza kupanda mlima wa Newala, gari linalia. Mwishowe akasema, "Dada, ile ni mashine yako. Nani mwingine anaihitaji kama wewe?"

"Dawa sikatai," mama alimjibu. "Nakataa biashara."

Mjomba alikasirika. Alisema watu wa uwandani, huku juu mlimani, tutabaki kuchota maji bondeni mpaka wajukuu wetu wazeeke kwa sababu ya kuogopa. Mama alijifunika khanga kuzuia vumbi, naye akazidi kukasirika. Alitushusha Makote bila kuingia ndani, na Jumapili iliyofuata hakuja. Nyingine pia hakuja. Mama aliendelea kuchemsha ming'oko ya kumtosha na yeye, kisha jioni tukawagawia majirani.

Baadaye nilisikia kutoka kwa mkewe kwamba alikuwa amenunua hisa kwa fedha zake mwenyewe. Aliuza vitambaa vyote kwa bei ya jumla, akauza na salfa, akabaki na duka lenye rafu tupu na kaunta. Nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta mtama. Alisimamisha ungo, akautazama, kisha akaendelea kupepeta. Siku ile hakula.

Mjomba alirudi mwaka uliofuata, mwezi wa sita tena. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia hodi kabla ya kumwona mtu. Nilimwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba akiwa amesimama mlangoni kama mgeni. Mama alimwekea kigoda. Akaketi, akasema kituo kimefunguliwa, watu wameanza kutibiwa, na nafasi ya mama iko tayari. Aanze wiki ijayo. Atafikia kwake.

Mama aliuliza nani amelipa.

Mjomba alisema hakuna aliyelipa. Kila mwenye hisa ana haki ya kumleta ndugu mmoja atibiwe mpaka mwisho bila malipo, na yeye amemwandikisha dada yake. Alisema huku anatazama moto. Pale ndipo nilipoelewa, na nikajua kwamba mama alikuwa ameelewa tangu siku ya ungo. Yale maneno yote ya mtaji na faida na wagonjwa wa ng'ambo ya Ruvuma, mjomba alikuwa anayasema kwa sababu mwanamume wa miaka yake, mwenye kalamu mfukoni, hawezi kupita mbele za watu akisema anataka kununua pumzi za dada yake.

"Ulifanya kosa, mdogo wangu," mama alimwambia kwa Kimakonde.

"Najua unavyoona. Utakuja?"

Mama alisukuma kuni ndani ya moto. Kisha akasema atakwenda, maana kama mtu ameshatoa na yeye asipokwenda, itakuwa fedha zile zimetupwa mara mbili. Mjomba akainama akanawa mikono, nikamletea chakula. Alikula kama mtu aliyetoka safarini.

Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo nilimsindikiza mama Masasi, na wiki zile ni kati ya vitu ninavyovikumbuka kwa raha kuliko vyote maishani mwangu. Nyumba ya mjomba ilikuwa chini ya mlima mmojawapo wa ile ya mawe inayouzunguka mji, na asubuhi jua lilipopiga, jiwe lote liligeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalitoka bombani uani. Mke wa mjomba hakumruhusu mama kushika hata ufagio. Mwanzoni mama aliona aibu, akawa anaamka mapema ili amuwahi, lakini yule mama wa watu alikuwa anaamka mapema zaidi, na baada ya siku chache mama akashindwa, akaketi kwenye mkeka kunywa chai kama mke wa mkuu wa wilaya.

Kituo kilikuwa katika jengo lililokuwa zamani duka la ushirika, limepakwa rangi nyeupe. Mama alilala kitandani, daktari mwenyewe akamfunga mikanda juu ya suruali maalumu ambayo mama aliivaa chini ya khanga kwa malalamiko mengi, na ile ngurumo ikaanza. Siku ya kwanza alishika kingo za kitanda kwa nguvu. Siku ya tatu au ya nne alikuwa anaongea. Alimwambia daktari kwamba ni sawa na kupanda lori kutoka Newala, tofauti yake ni kwamba hufiki popote. Daktari alicheka sana, na tangu siku ile kila alipomaliza kumfungua alimuuliza, "Tumefika wapi leo, mama?" Naye mama alimjibu jina la kijiji. Leo Chiungutwa. Leo tumerudi nyuma, tairi limepasuka.

Siku nyingine umeme ulikatika na jenereta haikuwa na dizeli. Tulikaa kwenye benchi nje na wagonjwa wengine wachache tukimenya karanga. Mwanzoni siku kama hizo zilikuwa nadra. Kisha zikazidi. Daktari alitoka mara kwa mara kusimama barabarani, akitazama upande ambao gari la mafuta lilipaswa kutokea, mikono kiunoni, na nilimwona anavyokonda.

Mjomba alikuja kila adhuhuri na chakula kwenye hotipoti. Angeweza kumtuma mtu. Alikaa na dada yake kwenye lile benchi, na kwa kuwa walikuwa bado wanaoneana haya kwa yaliyopita, hawakuongea habari za mashine. Waliongea habari za utoto. Nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba babu alikwenda kukata mkonge Tanga akakaa mpaka wakamsahau sura. Kwamba bibi alikuwa anatoka kulima tangu asubuhi, na mama, mwenyewe mtoto, alimbeba mjomba mgongoni, akateremka naye bondeni, akapanda naye na mtungi juu ya kichwa. Mjomba alisema anakumbuka harufu ya mgongo ule. Mama alimwambia asiseme uongo, hakuna mtoto wa umri ule anayekumbuka. Akasema anakumbuka, ulinuka moshi na mabibo. Mama akageuka akamtazama kwa muda, kisha akamwekea kipande cha samaki kwenye sahani yake.

Matibabu yalikwisha mwezi wa saba. Tuliporudi Makote pampu ilikuwa imeharibika, kama kawaida yake, na kesho yake mama alichukua ndoo. Nilimzuia, nikasema nitateremka mimi mara mbili. Hakunisikiliza. Tuliteremka pamoja, tukachota, tukaanza kupanda, nami nikawa nyuma yake nimeshikilia kile kichupa cha vidonge vya ulimi kwenye fundo la khanga. Alisimama mara moja tu. Hakushusha ndoo. Alivuta pumzi, akatazama chini bondeni, na upande wa Msumbiji kulikuwa kweupe kabisa asubuhi ile, akaendelea.

Huko juu majirani walipiga vigelegele. Mjomba aliposikia alikuja siku hiyo hiyo, anang'aa, akataka mama aseme mbele ya watu kwamba mashine imemponya. Mama alisema amepata nafuu kubwa, hilo hawezi kulikana. Lakini akasema pia kwamba kwa wiki zote zile hakushika ndoo wala jembe wala mchi, alikula samaki, alimeza vidonge vyake bila kusahau kwa sababu mke wa mjomba alimsimamia, na alikaa na ndugu yake kila mchana. Sasa ni lipi kati ya hayo lililomtibu, yeye hajui. Mjomba aliudhika kidogo. Daktari, nilipomsimulia baadaye, hakuudhika. Alisema hata yeye hajui, na kwamba angependa sana kupata muda wa kujua.

Muda hakuupata. Wenye maumivu ya moyo walikuwa wengi, lakini wenye uwezo wa kulipa walikuwa wachache, na hao waliposikia neno moyo walipanda gari kwenda Dar es Salaam. Dizeli ilikula kilichopatikana. Kisha mkanda mmoja ukapasuka, na kifaa fulani ndani ya kabati kikaungua umeme ulipokuja kwa nguvu. Fundi alifika kutoka Dar, akafungua, akafunga, akaondoka na kipande mfukoni. Barua zilikwenda Uchina. Msimu wa korosho uliofuata bei ilianguka, wanunuzi wakachelewa, wengine hawakuja kabisa, na wenye hisa wakaanza kudai chao. Kulikuwa na mkutano tena katika ukumbi ule ule. Sikuhudhuria, lakini niliambiwa watu walimwita daktari mwizi, na kwamba mjomba ndiye aliyesimama kumtetea. Aliwaambia kwamba mwizi huondoka na kitu, na huyu mtu ameuza hata gari lake. Hakuna aliyemshangilia. Kituo kilifungwa.

Kabla ya kurudi Dar, daktari alipanda Makote kutuaga. Alikuja kwa basi. Alikaa jikoni, akashika kifundo cha mkono wa mama kwa muda mrefu akihesabu kimoyomoyo, akamwambia vidonge asiache hata siku moja, hata akijisikia msichana. Mama alimfungia korosho za kukaanga na mfuko wa mbaazi. Alijaribu kukataa mfuko wa mbaazi, akashindwa. Nilimsindikiza hadi kituoni, na njiani hakuongea habari za mashine. Aliniuliza wanafunzi wangu wanaanza kusoma vizuri wakiwa darasa la ngapi.

Mjomba yeye hakuja kwa wiki nyingi. Safari hii hatukusubiri. Mama alivaa viatu vyake vya kanisani, tukateremka Masasi, tukamkuta amekaa kwenye kaunta ya duka lake tupu. Alitusalimu, akatuletea viti, kisha akarudi nyuma ya kaunta kama ni mahali pa usalama.

"Sema tu, dada," alisema. "Ulisema tangu mwanzo."

Mama alimwambia, "Kila siku nilikuwa naomba nikosee."

Mjomba aliinamisha kichwa juu ya ile kaunta. Mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni alirudi ndani, nami nikatoka nje nikatazama barabara. Nilipoingia tena walikuwa wanaongea Kimakonde kwa sauti ya kawaida, habari za shamba la Mnyambe. Mama alikuwa anamwambia mikorosho imeachwa sana, magugu yamefika kiunoni, na yeye peke yake hawezi. Kama ndugu yake hana kazi nyingi, aje wasaidiane, na mavuno ya mwaka ule yawe yake aanzie tena.

Alikuja. Aliweka kalamu nyumbani. Alijenga kibanda Mnyambe, akalima chini ya mikorosho, akapogoa matawi yaliyokufa, na wakati wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho, alibeba mwenyewe mgongoni mashine ya kupulizia salfa, akatoka humo shambani akiwa wa njano kuanzia nyusi hadi vidole, tukamcheka. Mama alikuwa anakwenda kumpikia. Jumamosi niliwafuata huko na daftari za kusahihisha, nikakaa kivulini, nikawasikia wakibishana. Mjomba alishikilia kwamba bila mashine dada yake asingefika Mnyambe kwa miguu. Mama alishikilia kwamba angefika, ila kwa kuchelewa. Mabibo yalikuwa yanadondoka kwenye majani makavu, moja hapa, jingine kule, na harufu yake tamu na kali ilijaa nguoni mpaka ukirudi nyumbani watu wanajua ulikotoka. Sijui kwa nini siku hizo zilionekana za kawaida wakati zinapita.

Mama aliishi miaka mingi zaidi ya ilivyotarajiwa, akafariki wakati wa masika, kitandani kwake, mchana, mvua inanyesha. Kwenye msiba mjomba aliwasimulia waombolezaji wote habari za ile mashine, jinsi ilivyonguruma, jinsi mama alivyovitaja vile vijiji, na kwamba hiyo ndiyo iliyomwongezea maisha. Aliposimulia alinitazama mara mbili tatu, kama anayengoja nimsahihishe. Sikumsahihisha. Nilimwitikia, nikasema ndivyo ilivyokuwa, kwa maana na mimi nilikuwapo na hakuna ajuaye zaidi yetu.

Sasa mimi nimestaafu na mjomba anaishi kwangu. Mkewe alitangulia, duka lina mwenyewe mwingine, na shamba la Mnyambe wanalima watoto wangu. Macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio ni mazima. Jioni anakaa barazani na blanketi magotini, na mtangazaji wa redio akitaja kwamba kuna kampuni inauza hisa, ananiomba nimwongezee sauti.